Nilimwambia Asamehe, Asiende Mahakamani



Leo naanza na kosa langu, tafakari itafuata. Kosa lenyewe nilishaliungama, padre akanipa malipizi, lakini ndani yake kuna funzo ambalo naona si langu peke yangu.

Wengi wenu mnajua kwamba nimemaliza falsafa na niko nyumbani Nyambureti, huku Serengeti, nikisubiri kuanza teolojia. Sasa ukikaa seminari miaka kadhaa ukarudi kijijini, watu wanakuona kama nusu padre. "Frateri, njoo utuombee." "Frateri, wewe umesoma, hebu tusomee hii barua." "Frateri, kuna ugomvi pale, nenda kaseme nao." Na ukweli ni kwamba unaanza kuipenda heshima hiyo. Unaanza kuamini kuwa ukifungua mdomo tu, jambo limekwisha.

Basi wazee wakanituma kwa mama mmoja. Jina lake silitaji, kijiji chake sikitaji, na ofisi inayohusika siitaji.

Mama huyu ni mjane. Mume wake alipofariki aliacha shamba, ng'ombe wachache na watoto wanne. Ukoo ulikaa kikao, ukampendekeza yeye kuwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari ukaandikwa. Ilibaki barua ya ofisi yenye muhuri ili akafungue shauri la mirathi mahakamani. Barua yenyewe ni nusu ukurasa. Alikwenda mara ya kwanza, akaambiwa njoo kesho. Mara ya pili, wino umekwisha. Mara ya tatu mtumishi akamwambia, bila hata kushusha sauti, "Mama, kazi hii inahitaji elfu hamsini, usinielewe vibaya."

Ndugu zangu, kwa mjane wa huku kwetu, ambaye pengine tembo wameshapita shambani mwake kabla hajavuna, elfu hamsini siyo "ya soda".

Mama akarudi nyumbani, akalala na neno hilo. Asubuhi akapanda bodaboda mpaka ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Maafisa wakaandika maelezo yake, wakampa noti ambazo namba zake walikuwa wameshazinakili. Akazipeleka. Mtumishi akazipokea, akagonga muhuri, na kabla wino haujakauka wale maafisa wakaingia.

Kijiji kikachafuka. Nanyi mnajua walimkasirikia nani? Mama! "Amemfunga mtoto wa watu kwa elfu hamsini." "Si angesema tu, tungeyamaliza kifamilia?" Na yule mtumishi ni mwenzetu kanisani. Anaimba besi kwenye kwaya, kwenye harambee ya kigango hakosi, na mtoto wake alikuwa kwenye darasa la Kipaimara ambalo nilikuwa nafundisha mimi. Ndiyo maana nikatumwa. Na mimi nikaenda, Biblia mkononi, nimeshaweka alama pale kwenye Mathayo 18, ambapo Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, na Yesu anamwambia siyo saba tu, bali sabini mara saba.

Nilimkuta anapepeta ulezi. Nikaongea vizuri sana, nakiri. Nikaeleza msamaha, nikaeleza Msalaba. Mwisho nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda. Nilimwambia, "Mama, siku ya ushahidi ikifika, ukiamka unaumwa, hakuna atakayekulaumu." Nilijua vizuri nilichokuwa nasema. Shahidi mkuu asipofika, kesi kama ile inaweza kufa yenyewe, na mikono ya kila mtu ikabaki safi.

Mama hakuacha kupepeta.

"Frateri," akasema, "Jumapili wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuona, mama."

"Basi hilo la kusamehe limekwisha. Sasa wewe umekuja kwa lipi?"

Nikakosa jibu. Akaweka ungo chini.

"Ile siku ya tatu nilikaa kwenye benchi na bibi mmoja. Alikuwa na kuku watatu, miguu imefungwa. Nikadhani anapitiliza mnadani. Kumbe wale kuku ndiyo barua yake. Mwanangu, hizo elfu hamsini nilizoombwa mimi nimemsamehe. Kuku wa yule bibi nitawasameheje? Ni wangu?"

Nikaaga. Njiani nikakumbuka jambo jingine. Miaka kadhaa nyuma nilihitaji karatasi fulani ya masomo, katika ofisi moja ya mjini. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu akaninong'oneza, "Kunja elfu kumi ndani ya fomu." Nikakunja. Baada ya dakika kumi nikaitwa jina, nikapita mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Nilijiambia ile ilikuwa shukrani. Yaani huruma niliyompelekea mama, nusu yake nilikuwa najihurumia mimi mwenyewe. Maana sheria yetu haimshiki anayepokea peke yake. Anayetoa naye ni mkosaji.

Sasa tutafakari.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni ile nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Nililijua hilo, niliwahi kulijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Ila mama alilielewa kuliko mimi. Mtu akinitukana, tusi ni langu, na msamaha ni wangu kuutoa. Lakini muhuri wa ofisi siyo mali ya mtumishi, wala siyo mali ya mteja anayesimama mbele yake. Ni wetu sote. Mtumishi akiuuza, ameuza kitu cha watu ambao hawamo chumbani: bibi wa kuku, kijana anayetafuta barua ya kuombea kazi, mzee wa fidia ya mazao. Mimi naweza kusamehe changu, siwezi kusamehe cha wengine na kujiita mwenye huruma. Huo ni ukarimu wa kugawa ng'ombe wa jirani.

Najua mtu atasema, "Lakini Frateri, Yesu si alituambia tumwonye ndugu faraghani kwanza?" Ni kweli, iko hapohapo Mathayo 18:15. Hilo linahusu ndugu aliyekukosea wewe, nami natamani tulifanye mara nyingi zaidi ya tunavyofanya. Lakini Thoma alilijadili swali hili karne ya 13, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 33. Anasema kuna dhambi za siri ambazo zinawaumiza watu wengine. Za namna hiyo yapaswa kuzitoa taarifa mara moja ili madhara yazuiwe, isipokuwa kama una hakika kwamba onyo la faragha litayazuia. Halafu kwenye swali la 68 anaongeza kwamba kosa linaloidhuru jamii, anayelijua anawajibika kulishtaki, ili mradi awe na uthibitisho wa kutosha. Kama hana, wajibu huo hana.

Hapo kwenye uthibitisho tusimame kidogo, maana vijana tunapenda njia ya mkato. Tukisikia fununu, tunaiweka kwenye kundi la WhatsApp na picha ya mtu juu yake. Huko siyo kupambana na rushwa, huko ni kumshuhudia jirani uongo, au angalau kucheza kamari na jina lake. Mama hakutangaza popote. Alikwenda kwa wenye mamlaka, akaeleza, akakubali maneno yake yapimwe. Mahakama ina faida hiyo: aliyeshtakiwa naye anasikilizwa. Kule mtandaoni hukumu inatangulia.

Fungueni sasa Matendo ya Mitume 16, kuanzia ule mstari wa 22. Paulo na Sila wako Filipi. Wamechapwa hadharani, wametupwa gerezani, miguu iko kwenye mkatale. Usiku tetemeko linakuja, milango inafunguka. Mlinzi wa gereza anataka kujiua, Paulo anamzuia. Usiku huohuo mlinzi anawaosha majeraha, anabatizwa na nyumba yake yote, wanakula pamoja. Kama unatafuta msamaha, ndio huo.

Kumekucha. Wakubwa wa mji wanatuma watu kimyakimya kusema waacheni waende. Mimi ningechukua mzigo wangu nikaondoka haraka. Paulo anakataa! Anasema, walitupiga mbele za watu, bila hukumu, nasi ni raia wa Roma, halafu leo wanatutoa kwa siri? Hapana, waje wenyewe. Na wakaja, wakawasihi.

Ni mtu yuleyule, na ni ndani ya saa chache tu. Usiku anakula na askari aliyemfunga miguu, asubuhi anawadai viongozi wajibu kwa walichofanya. Mimi naona sababu hii: Paulo alikuwa anaondoka Filipi. Waliobaki chini ya wakubwa wale ni Lidia, mlinzi na Wakristo wapya. Kwa ajili yao alitaka ijulikane kwamba sheria imevunjwa, na aliyeivunja ni nani.

Huyohuyo Paulo, ukienda sura ya 24, yuko mbele ya liwali Feliki. Luka anatuambia wazi kuwa Feliki alitarajia kupewa fedha, ndiyo maana alikuwa anamwita mara kwa mara kuzungumza naye. Miaka miwili ikapita, Paulo bado amefungwa. Jamani, miaka miwili! Kutotoa rushwa kuna bei, na tusiwadanganye wenzetu kwamba hakuna.

Halafu kuna ile hoja ya vijiweni: "Mnakamata dagaa, papa wanapita." Ina ukweli, tusiikwepe. Mwaka 1996 Rais Mkapa aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa, mwenyekiti wake akiwa Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, mkoani kwetu Mara. Tume ile ilitofautisha wala rushwa wa aina mbili: wale wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi, na wale wakubwa wanaochukua kwa tamaa. Tofauti hiyo ni ya haki, na papa lazima naye afikishwe mahakamani. Lakini jiulize dagaa anamla nani. Wizi mkubwa unachukua fedha za umma huko juu, na maumivu yake yanatufikia polepole. Ile rushwa ndogo inakaa katikati ya mjane na shamba lake. Kwa bibi wa kuku watatu, yule mtumishi wa dirishani ndiye serikali nzima aliyowahi kukutana nayo.

Wala tusidhani kwamba kushitaki ni jambo la watu wasiosali. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, ambaye mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulianzia jimboni kwetu Musoma, alikuwa mtu wa Misa. Siku ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya alikumbusha jinsi serikali yake ilivyokuwa kali kwa mla rushwa. Kwa sheria ya 1963 kifungo kilikuwa si chini ya miaka miwili, na viboko 24 juu yake: 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sisemi turudishe viboko. Sheria tuliyonayo leo ni ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 15 kinasema faini ya kati ya shilingi 500,000 na 1,000,000, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Ninachosema ni kwamba Mwalimu hakuona mgongano kati ya kupiga magoti mbele ya Ekaristi na kumfikisha mla rushwa mbele ya hakimu.

Na wewe unayesema mshahara mdogo unamlazimisha mtu, mfahamu Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, jirani zetu wa Kongo. Alikuwa kijana wa miaka 26 wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akifanya kazi katika shirika la serikali la kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Wakataka kumpa fedha apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, kwa sababu chakula kile kingeliwa na watu. Julai 2007 akatekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Naye alikuwa mtumishi wa dirishani tu. Kumbe dirishani pia kuna njia ya utakatifu.

Turudi kwa mama. Kesi iliahirishwa mara mbili. Safari zote tatu alikwenda. Ile ya tatu nilimsindikiza, nikakaa nyuma nikasikiliza akiulizwa maswali magumu na kujibu kwa sauti ileile aliyonijibu mimi kwenye ulezi. Mtumishi akatiwa hatiani: faini ya shilingi 500,000 au kwenda jela miaka mitatu. Ndugu, wanakwaya na majirani wakachanga. Kabla ya jioni fedha ikawa imepatikana. Hata mimi nilichanga, na sijutii, maana ana watoto.

Wakati tunarudi mama akaniambia, wala hakuwa na hasira: "Mmefanya vizuri kumchangia. Ila hizi safari zangu tatu, hakuna aliyeniuliza nauli nimetoa wapi."

Na siku ile, vijana wenzangu, nauli yangu alikuwa amenilipia yeye.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Jumuiya nzima iliona uchungu wa aliyekosa, ikafungua mfuko. Mjane aliyesimama kwa ajili yetu sote, tulimwacha aende kama mtu mwenye shida zake binafsi. Tunasali kila siku haki itawale, na haki inapohitaji nauli ya bodaboda, hatupo.

Yule ndugu kazi hana tena. Anakaa viti vya mwisho kanisani. Darasani watoto walianza kumcheka mwanaye, nikasimamisha somo, tukafungua Ezekieli 18 kwamba mwana habebi uovu wa baba yake, na siku ile hatukufundisha kitu kingine. Siku moja baba mwenyewe akaniita pembeni, akaniuliza kama mtu aliyeshahukumiwa na mahakama anahitaji tena kuungama. Nikamwambia, "Baba, faini umeilipa serikali. Nenda kwa padre. Lakini njiani pitia kwa bibi." Nikamkumbusha Zakayo, aliyesema atarudisha mara nne. Hakunijibu. Wiki iliyopita nilimwona barabarani, amebeba kuku chini ya kwapa. Sikumwuliza anakwenda wapi.

Wiki hii tujaribu haya. Usitoe, hata ukichelewa. Ukiombwa rushwa, andika tarehe, mahali na maneno uliyoambiwa, kisha piga 113, ni bure, au nenda ofisi ya TAKUKURU iliyo karibu. Usimtangaze mtu mtandaoni. Kama nawe uliwahi kukunja noti ndani ya fomu kama mimi, kaungame. Na kwenye kikundi chenu cha vijana ulizeni: je, kuna mtu hapa kwetu anayekwenda kutoa ushahidi peke yake? Mchangieni nauli. Mmoja wenu amsindikize, akae naye kwenye benchi. Halafu mwingine aende nyumbani kwa yule anayeshtakiwa, akawajulie hali watoto.

Tusali. Ee Bwana Yesu, ulisimama mbele ya hakimu aliyejua huna kosa na bado akakutoa. Utuondolee huruma ya uongo, ile inayomlinda mwenye muhuri na kumsahau aliyeko kwenye benchi. Uwape nguvu wanaosema kweli, uwarudishe waliokosa, na utufundishe kusamehe kilicho chetu na kutetea cha wenzetu. Amina.

Mniombee nami, ili siku nikipewa daraja nisiwe tena mtu wa kumwambia shahidi aamke anaumwa.

Ni mimi Frateri wenu, Nyambureti.